Ndege za Mzee wa Chini

Wiki iliyopita nilikuwa Edgware Road, nimetoka kununua bizari na halua, nikapita mbele ya duka moja ambalo zamani lilikuwa la magazeti na siku hizi wanawake hukaa humo kupakwa rangi za kucha. Mlango ulikuwa wazi. Harufu iliyotoka mle ndani ilinisimamisha pale pale kando ya barabara, mfuko mkononi, watu wakinipita huku na huku. Ile harufu kali yenye utamu, inayopanda puani kisha ikakaa nyuma ya macho. Wewe ungesema ni rangi ya kucha. Kwangu mimi ile ni harufu ya ndege.

Nikaenda kukaa mkahawani, nikaagiza chai, ikapoa mbele yangu. Nimekaa na habari hii muda mrefu mno, na wote walioijua pamoja nami wamekwisha. Basi nivumilie nikusimulie.

Tulifika London miaka michache baada ya mapinduzi ya Unguja, tukiwa watatu: baba, mama na mimi. Kwetu baba alikuwa mwalimu wa skuli. Hapa akapata kazi ya kupanga barua posta, akitoka asubuhi na giza lake, amevaa koti la mtumba lililomfika karibu na miguu. Mama alikuwa akishonea nyumbani kola za mashati kwa kiwanda kimoja, na mashine yake ndiyo sauti niliyoiacha nikienda skuli na ndiyo iliyonipokea nikirudi. Kutafuta pa kukaa kulituchosha. Milango mingi ilifunguliwa, tukatazamwa, ikafungwa. Mlango wa nyumba ile ulifunguliwa na bibi mwembamba wa Kiingereza, nywele nyeupe kazibana nyuma. Akamtazama baba, akamtazama mama na buibui lake, akanitazama mimi nilivyokuwa natetemeka, akauliza swali moja tu.

"Huyu mtoto amekula?"

Tukapewa vyumba viwili vya juu na jiko dogo pale ngazi zinapoishia. Yeye na mumewe walikaa chini. Sisi tukawaita Bibi wa chini na Mzee wa chini, na majina yao ya kweli niliyajua baadaye tu.

Nyumba ilikuwa na baridi ya kuingia mifupani. Asubuhi vioo vya dirisha vilikuwa na barafu kwa ndani, nami nikiikwaruza kwa ukucha mama akinigombeza. Tulikuwa na jiko la mafuta ya taa la kupashia joto, na nguo zetu zote zilinuka mafuta hayo, hata nikaona haya darasani. Lakini Jumamosi nyumba nzima iligeuka. Mama alikanda unga, akatwanga iliki, akakaanga mandazi, na harufu ikashuka ngazi mpaka kwa wenyewe. Haukupita muda Bibi wa chini akapanda, ati amekuja kutazama kama bomba halivuji. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akala mandazi kwa uma na kisu, huku mama akimwangalia kwa huruma. Lugha hawakuwa nayo. Mama alijua maneno machache ya Kiingereza na Bibi wa chini hakujua hata moja letu, lakini walikaa saa nzima wakitikisa vichwa.

Ilinichukua muda kugundua kilichokuwa kikiendelea kule chini.

Siku moja Bibi wa chini aliniita. "Kamwambie Mzee chai tayari." Nikatazama. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na moto, chumba hicho hicho, gazeti mkononi. Angenyoosha mguu angemgusa mkewe. Nikadhani ni mchezo. Nikaenda mbele ya gazeti nikasema, "Chai tayari." Akalikunja. "Mwambie asante, nakuja." Nikageuka nikamwambia Bibi, "Anasema asante, anakuja." Nikapewa biskuti.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yangu. Mwambie mlango wa nyuma unagongwa na upepo. Mwambie makaa yamekwisha. Mwambie daktari amesema apumzike. Nilikuwa na umri wa kufurahia kutumwa, nikipanda na kushuka na maneno ya watu wazima mdomoni. Nikamuuliza Mzee, kabla sisi hatujaja, nani alikuwa akiwapelekea maneno? Akanijibu bila kucheka, "Paka."

Mzee alikuwa na banda uani, na humo ndimo zilimokuwa ndege, za mfano, ndogo za kubebeka mkononi. Zilining'inia darini kwa nyuzi, zilisimama kwenye rafu, nyingine hazijavaa ngozi bado, mbavu zake za mti ziko wazi. Alizichonga mwenyewe, akazivisha kitambaa cha kitani, kisha akakipaka dawa ya kukaza, na dawa hiyo ndiyo harufu niliyokwambia. Ndege zote zilikuwa za jeshi la majini la Japani. Juu ya mabawa ya kila moja aliweka duara jekundu, kwa mkono usiotikisika, na yeye mzee yule akishika kikombe chai humwagika.

Aliniambia alikwenda huko ujanani, baada ya vile vita vikuu vya kwanza, yeye na Waingereza wengine, kuwafundisha wanamaji wa Kijapani kurusha ndege na kuzitunza. Kazi yake ilikuwa mabawa na nyaya. Walikaa kando ya ziwa. Ndege zilifika kutoka Uingereza ndani ya masanduku ya mbao, vipande vipande, na yeye na wanafunzi wake wakaziunga. Nyingine zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, nyingine zilitua majini kwa tumbo. Aliwafundisha kuushona mshono usioachia upepo, na kuupiga waya kwa kidole na kuusikiliza kama umekaza sawasawa.

"Walikuwa vijana wenye adabu," aliniambia. "Nikiwaambia jambo mara moja, kesho nakuta wanalifanya vizuri kuliko mimi."

Alikuwa na picha alizozikata magazetini baada ya kurudi kwao, miaka ile kabla ya vita vya pili. Alinionyesha moja moja. Hapa walikuwa bado wananunua ndege zetu. Hapa wanaiga. Hapa, tazama, wamejenga meli maalumu yenye sakafu bapa, ndege inaruka juu yake na kurudi juu yake. Na hizi za mwisho ni zao wenyewe kabisa, za chuma kitupu, bawa moja tu, rangi ya fedha na mkia mwekundu. Nikamuuliza kwa nini mkia mwekundu. Akasema ni kwa ajili ya ndege ikianguka baharini, wanaomtafuta rubani waione kwa mbali.

Alisema hayo yote kama baba yangu alivyokuwa akiwataja wanafunzi wake waliofaulu. Mimi niliipenda sauti hiyo. Sikujua kwamba kuna mtu ndani ya nyumba asiyeweza kuisikia.

Kwenye rafu juu ya moto, katika chumba cha mbele, palikuwa na picha ya kijana aliyevaa sare ya baharia. Nilimuuliza Bibi wa chini. Akaishusha, akaifuta kwa aproni ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Vita vilipofika upande wa mashariki, meli yake ya kivita ilikuwa karibu na Malaya, na ndege za jeshi la majini la Japani zikaja zikaizamisha. Hakupatikana. "Ndege zake," alisema Bibi wa chini, akielekeza kidevu upande wa banda. Simu ya maafa ilipoletwa, mumewe akaisoma, akamsogelea amshike. Yeye akarudi nyuma. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Nilipanda nikamweleza mama. Aliizima mashine. Akakaa na kola mkononi, akasema, "Masikini. Wote wawili." Kisha akasema kitu ambacho wakati ule sikukielewa: "Na huyo mzee naye, mwalimu."

Hapa inanibidi nirudi nyuma kidogo, mpaka kwetu.

Mama alikuwa na mdogo wake wa kiume, mjomba wangu, karani wa serikali iliyopinduliwa. Siku chache baada ya mapinduzi alikuja kujificha kwetu, chumba cha nyuma, ndani ya magunia. Mlango wa mbele baba aliutia komeo, akauegemezea na meza. Asubuhi moja mama yuko jikoni uani akasikia sauti za wanaume. Alipokuja mbio alikuta mlango uko wazi na watu wenye bunduki wamo ndani, na mmoja wao alikuwa kijana aliyekuwa mwanafunzi wa baba, aliyekuwa akija nyumbani kusomeshwa hesabu bure na kula chakula cha mama. Yule kijana aliijua nyumba. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Wakamtoa mjomba, wakaondoka naye kwa miguu. Mama akawafuata mpaka mwisho wa uchochoro, akarudishwa. Mjomba hakuonekana tena, wala hatukuonyeshwa kaburi.

Hayo niliyajua kwa vipande. Wazazi wangu hawakuyazungumza. Tulihamia Mombasa, tukaja London, tukajifunza kuvaa soksi mbili, na neno hilo halikutajwa. Lakini nyumba yetu ya juu ilikuwa na furaha yake. Baba alikuwa akirudi kutoka posta akimwigiza msimamizi wake, mama akicheka mpaka anashika ukuta.

Basi alasiri moja akaja mgeni, mtu mzima kutoka kwetu, anapita London akielekea kwa mwanawe. Mama akapika pilau. Mgeni akala, akatoa habari za nyumbani, nani kafa, nani kaolewa. Halafu akamgeukia baba, kwa nia njema kabisa, hakujua lolote.

"Na yule mwanafunzi wako, siku hizi mkubwa, ana gari na ofisi. Aliposikia nakuja huku akasema nikikuona nikupe salamu zake nyingi. Anasema hatokusahau maisha."

Baba alijibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyeletewa salamu. "Alaika wa alaihi salaam."

Mama alikuwa amesimama na jagi la maji. Akamimina kikombe cha mgeni mpaka kikajaa, akakiweka mezani, akaingia chumbani. Hakutoka mpaka mgeni alipoaga.

Siku ya pili, wakati wa chakula, baba amekaa mezani, mama jikoni, hatua mbili tatu tu baina yao. Mama akanitazama mimi.

"Mwambie baba yako chakula tayari."

Sijui kama nitaweza kukueleza nilivyojisikia. Mimi peke yangu katika nyumba ile ndiye niliyejua vizuri maneno hayo yanaelekea wapi. Nilikwisha kuona mwisho wake, uko chini, umekaa karibu na moto na gazeti usoni. Nilisimama katikati ya chumba na midomo ikakataa kufunguka. Baba akaokoa mambo. Akasema, "Nimesikia," akavuta sahani.

Lakini haikuisha hapo. Mwambie baba yako koti lake limekauka. Mwambie kesho kodi. Baba naye akaanza: mwulize mama yako kama kuna chai. Kicheko cha jioni kikakatika. Chini nilipewa biskuti kwa kazi hiyo, na juu kila neno nililolibeba lilinikaa tumboni. Nikaanza kuyabadilisha. Mama akisema, "Mwambie aweke kodi mezani," mimi nilisema, "Mama anasema pole na kazi, na kodi ni kesho." Baba alinitazama, nikajua amejua.

Majira ya machipuko, Jumapili moja, kengele ya mlango wa chini ililia nami nikafungua. Alisimama mzee mdogo wa Kijapani, suti nyeusi, kofia mkononi, na zawadi iliyofungwa kwa kitambaa cha hariri. Aliniinamia, mimi mtoto, akamtaja Mzee wa chini kwa jina lake lote. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa kando ya ziwa.

Nilimpeleka chumba cha mbele. Mzee aliinuka kitini, na nilimwona uso ukichanua, kisha akakumbuka, akamtazama mkewe. Bibi wa chini alikuwa amesimama mlangoni, kashika fremu ya mlango. Mama alikuwa naye, alikuwa amemteremshia mandazi. Nilingoja Bibi amfukuze mgeni. Badala yake akasema, bila kumtazama yeyote, "Mgeni atakunywa chai," akaenda kuiandaa, mama akamfuata kumsaidia.

Wakakaa. Mjapani akaeleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba amekuja kumshukuru mwalimu wake kabla mmoja wao hajafa. Alimtaja kwa heshima. Yote tuliyoyajua mwanzo, alisema, yalitoka mikononi mwake. Kila alivyomsifu ndivyo Mzee alivyozidi kuinama.

Bibi wa chini akaweka birika mezani. Akaishusha ile picha, akampa mgeni.

"Huyu ni mwanangu. Meli yake ilizamishwa na ndege zenu."

Mjapani aliishika picha kwa mikono miwili. Aliitazama sana. Akasimama, akamwinamia Bibi, akabaki ameinama hivyo hata nikaogopa kwamba hatoweza kuinuka. Aliponyooka macho yalikuwa mekundu.

"Wakati ule mimi sikuwa naruka tena," alisema. "Nilikuwa nafundisha. Waliokwenda siku ile, wengine ni wanafunzi wangu. Niliwafundisha kama yeye alivyonifundisha mimi. Vita vilipokwisha, karibu wote hawakurudi."

Hakuomba asamehewe, na Bibi hakusema amesamehe. Alikaa mbele yake na kuanza kumsimulia habari za mwanawe: alivyochelewa kutembea, alivyopenda maziwa ya moto, alivyoandika jina lake ukutani na mpaka leo liko nyuma ya kabati. Mgeni alisikiliza kila neno. Mumewe alikuwa pale pale anasikiliza naye, machozi yanamshuka, na mkewe hakumgeukia hata mara moja.

Mgeni alipoondoka, Mzee aliniita karibu yake. "Mwambie asante kwa chai."

Nikamwambia.

Bibi wa chini alikuwa anakusanya vikombe. "Mwambie chai ilikuwa ya mgeni."

Kabla mwaka haujaisha Mzee alianguka uani. Walimpeleka hospitali na hakukaa, mapafu yalimshinda. Siku ya maziko wakamleta nyumbani kwanza, kama desturi yao ilivyokuwa, jeneza likawekwa chumba cha mbele asubuhi, watu wa kulichukua watakuja mchana. Baba hakwenda kazini. Mama alinipa sinia ya chai nimpelekee mfiwa, naye akanifuata nyuma.

Hatukufika mlangoni. Tulisikia sauti. Bibi wa chini alikuwa peke yake mle ndani, na alikuwa akizungumza. Mama akanishika bega, akanikalisha kwenye ngazi, sinia mapajani.

"Anazungumza na nani?"

"Na Mzee."

"Anasemaje?"

Nikamfasiria. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika nyumba ile. Nilimwambia mama: anasema paka amejifungua ndani ya kabati lake la nguo. Anasema yule fundi wa paa alikuwa mwizi, alitaka kumwambia tangu zamani. Anasema walipokuwa pamoja kando ya lile ziwa, yeye bi harusi, alikuwa akimwona Mzee anarudi jioni na gundi nywelini, na alikuwa akimpenda sana. Kisha sauti ya Bibi ikapanda, nami nikanyamaza.

"Sema," mama alisema.

"Anamwambia, nilikuwa nakungoja useme neno. Ungeniambia tu kwamba na wewe unajilaumu, ningekulilia. Anamuuliza, mbona hukusema? Anamuuliza tena na tena."

Mama aliinuka. Aliniacha na sinia yangu, akapanda ngazi, na hakuufunga mlango. Nilimsikia akisema na baba, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Mlango ulifunguka vipi?"

Kiti cha baba kikasogea.

"Nakuuliza wewe. Siku ile. Mlango ulikuwa na komeo na meza. Nilipokuja ulikuwa wazi, haukuvunjwa. Ulifunguka vipi?"

Baba alipojibu, sauti haikuwa yake.

"Aliniita. Alisema, mwalimu, ni mimi. Nikaijua sauti. Nilidhani amekuja kutukinga. Niliisogeza meza, nikaliondoa komeo kwa mkono wangu huu. Kila siku naliondoa lile komeo."

"Na salamu zake ukazipokea!"

"Ulimi ulitangulia. Nilipotanabahi nimeshajibu."

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Hukuniuliza!"

"Nikuulize? Ndugu yangu, nikuulize?"

Hapo ikalipuka. Sijawahi kuwasikia hivyo, si kabla wala baada. Mama alipiga kelele, kola za watu zikaruka mpaka kwenye ngazi, moja ikaniangukia begani. Baba alilia kwa sauti kama mtoto, na katikati ya kilio akapandisha sauti naye, akasema alimpenda yule kijana, ndiyo, alimpenda kama mwanawe, amfanye nini? Mama akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mimi niko kwenye ngazi, baina ya wazee wa chini na wazee wangu, nimekumbatia birika la moto, nalia na nimefurahi. Hakuna aliyenituma. Walikuwa wanasemeshana.

Bibi wa chini alitoka chumba cha mbele na nguo zake nyeusi. Akatazama juu, akasikiliza lugha asiyoijua. Nikaanza kumwomba radhi kwa kelele siku kama ile.

"Waache," alisema, akakaa ngazi ya chini yangu, akajimiminia chai. "Waache wapige kelele."

Usidhani walipatana siku hiyo. Mama alilala kitandani kwangu muda mrefu, na ilikuwapo miezi aliyomjibu baba kwa ukali mpaka mimi nikakimbilia uani. Lakini alimjibu yeye. Na Ijumaa moja mama akasema mjomba asomewe khitma, kwani mpaka siku hiyo alikuwa hajasomewa, tuliogopa kumwita maiti. Juu hapakuwa na nafasi. Bibi wa chini akatoa chumba chake cha mbele, akasogeza viti mwenyewe. Baba ndiye aliyesoma dua, na alipofika kwenye jina la mjomba alilitamka wazi, mara mbili.

Wote hao hawapo. Bibi wa chini alikufa mimi nikiwa msichana mkubwa, nyumba ikauzwa, ikakatwa vyumba vyumba vya kupangisha. Ndege zilibebwa na jamaa wa mbali ambaye sikumwona tena, na kama zipo au zilitupwa sijui. Baba na mama wamezikwa hapa hapa London, ubavu kwa ubavu, wamegombana mpaka uzeeni kuhusu nazi ya kopo na nazi ya kipande. Lugha waliyogombana kwayo ndiyo ninayokuandikia, na ndani ya nyumba yangu ninaizungumza peke yangu, wanangu wananielewa na wananijibu Kiingereza.

Huwauliza kama wanataka kujua habari za mjomba wa mama yao. Wanataka. Wanauliza alikuwaje, na picha hatuna hata moja, hatukutoka na kitu. Nawaambia alikuwa mrefu. Nasema hivyo kwa sababu nakumbuka nilikaa juu ya mabega yake na mkono wangu ukagusa kizingiti cha juu cha mlango wa nyumba yetu, mti wake ulikuwa laini na wa baridi. Lakini nilikuwa mtoto mdogo sana, na pengine mlango ndio uliokuwa mfupi. Sina tena wa kumuuliza.